Uliza Bibi Shamba: Bustani za kale, fomu tupu na mzee aliyewafukuza

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu watu wa kujitolea wanaoziandika bustani za kale za Unguja na Pemba, mkoa kwa mkoa. Nikadhani wataniandikia wapenda maua wawili watatu. Barua zimekuja mpaka mhariri amenipa safu nzima kwa jambo hili moja, na wenye maswali ya mchicha na samadi ya kuku wanisubiri mwezi ujao. Barua nimezifupisha. Majina nimeyaondoa, maana visiwa vyetu vidogo na sote tunajuana.

*Assalaam alaykum Bibi Shamba. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Chake Chake, na nimepewa uratibu wa watu wa kujitolea wa mikoa yote miwili ya Pemba. Mwanzo walijitokeza wengi, wengine kutoka Micheweni, wengine Kengeja. Tukafanya semina, tukapiga picha ya pamoja. Sasa wanaoleta fomu ni wa kuhesabu, na fomu zenyewe nusu tupu. Nikiwauliza wananambia majumba ya masultani yako Unguja, Pemba tuandike nini? Fomu yetu nimekuambatishia. Niwabadilishe watu?*
*Mratibu, Chake Chake*

Wa alaykum salaam, mwalimu. Kabla hujambadilisha mtu, hebu nambie: fomu ya kwanza uliyoletewa uliijibu lini?

Nauliza kwa sababu nimefanya kazi ya kilimo shamba maisha yangu yote, na ripoti nimeandika za kujaza makabati. Mtu haachi kuandika kwa sababu ya jua wala matope. Huacha siku anayojua kwamba hakuna anayesoma. Kijana wa Kengeja ametoka asubuhi, amepita mabonde mawili, amempata bibi anayekumbuka kisima cha mwarabu fulani, ameandika, ameleta. Akapata nini? Kimya. Mara ya pili ataandika nusu. Mara ya tatu atakwambia mama anaumwa. Kazi ya mratibu, wengi wanaiona ni kutuma watu. Kutuma ni rahisi, hata mtoto anaweza kutuma. Kazi yako wewe ni kupokea.

Basi fomu ikifika, wiki haijesha, mpigie simu aliyeileta na umuulize jambo linalotoka ndani ya fomu yenyewe. "Umeandika kisima kina ngazi. Ngazi za mawe au za saruji? Zinashuka mpaka kwenye maji?" Hapo atajua imesomwa, na akirudi kuzitazama ngazi atakuletea na mengine. Usimtumie ule ujumbe wa "tunathamini mchango wako". Ujumbe huo hutumiwa watu wote, na kila mtu anajua hivyo.

Halafu hiyo fomu. Nimeiona, mwalimu. Kurasa nne! Pana sehemu ya "aina ya udongo", pana "hali ya kiikolojia", pana "thamani ya mandhari kwa kipimo cha moja hadi tano". Nani atampa bibi wa watu alama tatu kwa tano? Ikunje iwe ukurasa mmoja. Mahali panaitwaje na majirani, hata kama ramani inasema jina jingine. Shehia gani. Nani amesema, na yeye amejuaje: aliona, au aliambiwa na nani. Maji yalitoka wapi. Miti gani mikubwa imesimama, na ipi watu wanaikumbuka ila imeanguka. Kimebaki nini cha kujengwa: ukuta, birika, kisima, ngazi, kibaraza. Nani anapatunza sasa. Tarehe, na jina la mwandishi. Basi. Fomu kumi za ukurasa mmoja zilizojaa ziko mbele ya mia za kurasa nne zenye mistari mitupu, kwa sababu zile kumi unaweza kuziweka pamoja na za Kusini Unguja na za Mjini Magharibi ukaona kitu.

Kama utawafundisha jambo moja tu, wafundishe kuuliza maji. Maua hufa, miti hukatwa kuni, lakini aliyetaka bustani katika visiwa hivi ilimbidi kwanza aulete mfereji au achimbe kisima, na mawe ya maji hukaa. Nenda Marahubi. Jumba la Sultan Barghash la 1882 liliungua 1899, na leo utakuta nguzo nene zimesimama peke yake pamoja na mabirika ya maji. Kidichi, hamamu ya Kiajemi ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe mwaka 1850 ingali na kuba zake na nakshi za chokaa, na ile bustani iliyoizunguka huioni ila ukiuliza wazee. Yafuate maji na bustani utaijua ilipokuwa.

Sasa hilo la "Pemba hatuna kitu". Hapa nitasema kwa sauti. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha mikarafuu kwa maelfu, mashamba mazima yakalala chini. Pemba haikupigwa vile, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Maana yake nini kwa kazi yako? Shamba la Pemba lenye mistari ya miti ya kale lina nafasi ya kuwa limeendelea bila kukatika tangu kabla ya mwaka ule, jambo ambalo sehemu nyingi za Unguja haziwezi kudai. Waambie watu wako hivyo, uone kama watakaa. Kuna vilevile mashamba ya misheni. Quaker walikuja Pemba mwishoni mwa karne ya 19, wakaweka makazi Banani, karibu nawe kabisa, na walioachiwa huru kutoka utumwani wakalima hapo. Kuna nyua za nyumba kongwe za serikali katika miji yenu mitatu, kuna visima vya misikiti vyenye mikomamanga pembeni. Hayo yote ni ya kuandikwa.

Wenzetu wa Uingereza wana vyama vya kujitolea kila jimbo, na mwaka 2015 umoja wa vyama hivyo na Garden History Society, iliyoanzishwa 1965, viliungana kuwa The Gardens Trust. Serikali nayo ina daftari rasmi lililoanza miaka ya 1980. Nimelitazama daftari lile; limejaa majumba ya mabwana wakubwa, kuta na ramani za mchoraji. Tukichukua kipimo hicho hapa tutaandika majumba ya masultani kisha tufunge daftari. Lakini hata Hati ya Florence, ambayo wataalamu wa bustani za kale waliiandaa mwaka 1981 na ndiyo wanayoishika duniani, inasema waziwazi kwamba bustani ya kihistoria inaweza kuwa ndogo au kubwa, na kwamba kuihifadhi kunategemea kwanza kuitambua na kuiorodhesha. Ukiwa na mjumbe mkaidi, msomee hiyo.

La mwisho, mwalimu, tazama kalenda. Ulifanya semina karafuu zinakaribia kuiva. Msimu ukifunguka, Pemba nzima iko juu ya miti au uwanjani inaanika karafuu kwenye majamvi, nawe unauliza fomu! Subiri karafuu ziingie magunia na kaskazi ikaushe majani, misingi ya mawe uione bila panga. Na uwapange wawili wawili, mwenye simu na mwenye mvi. Kijana peke yake huambiwa "njoo kesho".

*Shikamoo Bibi. Mimi na mwenzangu tunaandika upande wa Bububu na Kidichi. Mzee mmoja ana birika la kale katika shamba lake na miembe mikubwa kwa safu. Alitukaribisha vizuri, akatukatia madafu. Tulipotoa futi kupima, akabadilika: "Mnapima nini? Eka tatu hizi nilipewa baada ya Mapinduzi. Nani kawatuma?" Akatutoa. Vitambulisho vya mradi tulikuwa navyo shingoni. Tulikosea wapi?*
*Wawili wa Bububu*

Marahaba wanangu. Vitambulisho vya shingoni ndivyo wanavyovaa wapima viwanja. Mzee alikuwa na haki, na ningekuwa mimi nisingewapa hata hayo madafu.

Fikirini ardhi mliyosimama juu yake. Jirani hapo, Kizimbani, ndiko Saleh bin Haramil alikopanda mikarafuu mwanzoni mwa karne ya 19, kisha Seyyid Said akamnyang'anya mashamba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yakachukuliwa na serikali, watu wakagaiwa eka tatu tatu, na babu huyu akapata zake. Leo anasikia redioni habari za wawekezaji. Katika kipande hicho kimoja cha ardhi, kila mara aliyekuja na kamba ya kupimia alifuatwa na anayekuja na karatasi. Kisha nyinyi mnatoa futi kabla madafu hayajaisha.

Kwa hiyo safari ya kwanza nendeni mikono mitupu. Piteni kwa sheha, mumweleze, na mumwombe aende nanyi au awape msaidizi. Kwa mwenyewe, kaeni. Mwulizeni habari za miembe, ipi tamu, ipi ya achari, nani alikuwa akipanda juu kuichuma. Semeni mnachoandika na mnakoipeleka karatasi. Fomu msomeeni yote, na nakala mwachieni mkononi mwake. Nakala hiyo ina kazi kuliko kitambulisho: watoto wake wakija jioni, "wale walitaka nini?", anawaonesha.

Na katika fomu yenu futeni kabisa "ukubwa wa eneo" na "mipaka". Hamzihitaji. Mnaandika bustani iliyokuwapo, na bustani ile ya kale leo imo ndani ya eka za watu wengi. Mipaka ya leo haiwaambii kitu juu yake. Futi ibaki kwa shina la mti tu, tena ipimwe na mzee mwenyewe au mjukuu wake ashike upande mmoja. Alama za ramani za mahali hasa zibaki kwa mratibu, zisibandikwe kila ukuta.

Mkirudi, na nina hakika mtarudi, mwulizeni pia ni nani aliyelichimba hilo birika. Nimechoka kusoma "lilijengwa na Seyyid Said". Seyyid Said hakubeba jiwe hata moja. Mashamba yale na bustani zile vilichimbwa na kumwagiliwa na watumwa, na utumwa kisheria haukuondolewa hapa mpaka 1897. Wajukuu wa waliobeba maji wapo, pengine ndio wenye eka tatu hizo hizo. Swali hilo liulizwe kwa adabu, bila watu wengi kusikiliza, na mzee asipotaka kujibu msimsukume. Akijibu, mmepata jambo ambalo halimo katika kitabu chochote.

*Bibi Shamba, kujitolea ndiyo kusema nauli nitoe mfukoni? Mimi natoka Nungwi, naambiwa kikao kiko mjini kila wiki.*
*Msomaji, Kaskazini Unguja*

Hapana. Kujitolea ni kutoa muda wako na miguu yako. Nauli na chakula cha mchana vitolewe na mradi, tena kabla ya safari, kwa sababu asiyekuwa nazo hatasema, atakaa tu nyumbani, na mratibu ataandika "hana moyo". Tiketi ya boti kati ya Unguja na Pemba hata isijadiliwe. Na kikao kila wiki cha nini? Mratibu aje Nungwi. Bustani ziko kwenu.

*Habari Bibi. Mratibu wetu anataka kila kitu kiandikwe kwenye simu. Wazee wetu hapa Mkokotoni wakiona simu wananyamaza. Halafu tukituma, ramani inaonesha mahali petu pako Ethiopia! Picha nazo zinafika hazina hata tarehe. Kimeharibika nini?*
*Kijana, Mkokotoni*

Ethiopia nimecheka peke yangu barazani. Hakijaharibika kitu, mwanangu. Umedondosha alama ya kutoa. Sisi tuko kusini ya ikweta, na Mkokotoni iko kama digrii 5.9 kusini. Simu nyingi huandika kusini kwa alama ya kutoa mbele ya namba. Ukinakili namba kwa mkono ukaisahau ile alama, unavushwa ikweta mpaka kusini mwa Ethiopia, na wa Chake Chake akisahau atakuwa jirani yako huko huko. Dawa yake: nafasi ya namba ya kwanza ya mahali, ile ya kusini, ichapishwe kwenye fomu tayari na alama ya kutoa, mwandishi ajaze kinachofuata.

Kwa mzee tumia karatasi na penseli. Penseli, si kalamu, kwa sababu tone moja la mvua ya vuli kwenye wino na umempoteza babu yake mzee na mwaka wa kisima. Simu itoke mwishoni, upige picha ya karatasi mkiwa bado mmekaa naye, ili karatasi ikipotea njiani maneno yasipotee.

Za picha ni hivi. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa ukubwa na zile habari za ndani, tarehe na mahali, zinaondolewa. Itume kama faili, hapo inakwenda nzima. Na uipe jina kabla hujaituma: shehia, mahali, tarehe. Nimeletewa picha za miembe zenye namba tu za kamera, miembe yote inafanana, na hakuna aliyejua upi ni wa Donge na upi wa Mahonda.

Jambo jingine usiloliuliza: nenda na fimbo ya mita moja na sentimita thelathini. Kimo hicho ndicho wanachopimia unene wa shina katika nchi nyingi, hivyo wa Makunduchi na wa Konde watapima mahali pamoja. Simamisha fimbo kwenye mti, zungusha kamba kwenye ncha yake, kisha kamba uilaze juu ya futi ya fundi cherehani, maana futi yenyewe haiwezi kuuzunguka mwembe wa kale. Fimbo hiyo hiyo iegemeze kwenye mti unapopiga picha, na asiyefika atajua ukubwa.

*Bibi, mimi ni mwanafunzi, nimejitolea kundi la Mji Mkongwe. Kila mti mkubwa tunaambiwa ulipandwa na Seyyid Said, na bustani ya Victoria tunaambiwa yote ni ya Kirk. Tuandike hivyo? Au tukatae?*
*Mwanafunzi, Vuga*

Msikatae, na msiandike hivyo. Andikeni nani amesema. "Kwa kauli ya muuza kahawa wa hapo, aliyeambiwa na baba yake." Hiyo ni habari kamili na ya kweli, hata kama mti wenyewe ulipandwa juzi.

Kisha mchuje. Seyyid Said alifariki 1856. Mti wa Unguja unaodaiwa kuwa wake ilibidi upite salama kwenye kimbunga cha 1872. Yawezekana, ila liulizwe: watu wa mtaa wana habari za dhoruba ile na mti huo? Unene wa shina hautakupa mwaka, kwa sababu mwembe wa penye maji na mwembe wa juu ya jiwe hawanenepi sawa. Unene tunauandika ili atakayekuja miaka ishirini ijayo aone umeongezeka kiasi gani.

Ya Victoria ina tabaka, na ndiyo maana naipenda. Ilikuwa ya Sultan Barghash, na wake zake wakioga hapo. Kirk, daktari na mjuzi wa mimea, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza hapa mpaka 1886, alikuwa na bustani yake Mbweni ambako akijaribu mimea, na mingi ya pale Victoria inahusishwa naye. Mwaka 1899 Sultan Hamoud akaitoa kwa watu wa mji kwa heshima ya Malkia Victoria. Kisha Baraza la Kutunga Sheria likakaa katika lile jengo la katikati kuanzia 1926 hadi 1964. Sasa niambie, katika miaka yote hiyo hapakuwa na bwana bustani aliyechomeka mche wake mwenyewe? Walikuwapo, wa mshahara mdogo, na majina yao huenda yamo katika majalada. Nendeni Nyaraka, Kilimani, mkaombe majalada ya kilimo na ya mji. Kwa majina ya mimea kitafuteni kitabu cha R. O. Williams cha 1949 kuhusu mimea ya faida na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Mti ambao Williams anasema ulikuwapo na leo haupo ni habari, na usiomo kitabuni ila upo leo ni habari vilevile.

Forodhani fanyeni hivyo hivyo. Ilitengenezwa kwa jubilei ya miaka ya 1930, ikakarabatiwa upya na Aga Khan Trust for Culture, kazi ikaisha 2009. Kila mmoja mjini anayo Forodhani yake. Mwandikeni mzee wa kabla ya ukarabati na mtoto wa baada yake, wote wawili.

Na kuna bustani ambazo hazina tena hata mti wa kupimia. Salme, bintiye Seyyid Said, alizaliwa jumba la Mtoni mwaka 1844, na katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 anawaeleza tausi, paa na mbuni wakizurura uani, na michungwa mirefu karibu na nyumba za kukogea. Mkienda Mtoni, ukurasa wa alichokiona yeye uwe mbali na ukurasa wa mnachokiona nyinyi. Mkivichanganya, msomaji wenu atakwenda kuwatafuta mbuni.

*Assalaam alaykum mama yangu. Mimi ni mama wa nyumbani, Makunduchi. Niliandika ua wa marehemu bibi yangu mzaa mama: mlangilangi mmoja mkongwe, asumini, mkadi, kilua, rehani za kila namna na mhina mlangoni. Harusi za mtaa mzima vikuba vilitungwa pale. Kiongozi wa kundi letu kanirudishia fomu, kaandika juu yake kwa wino mwekundu: "Si bustani ya kihistoria." Nimeona haya, nimeacha kwenda vikaoni.*
*Mama wa Makunduchi*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Wino mwekundu! Huyo aliusomea wapi ualimu?

Rudi kwenye vikao, na fomu irudi nawe. Nimekwishasema hapo juu kwa mwalimu wa Chake kwamba ndogo na kubwa zote zinaingia. Kiongozi wako naye ni msomaji, ataona. Ila mimi nina neno la zaidi kwake. Nimepekua fomu za mkoa wenu nilizoletewa na waandishi karibu wote ni wanaume. Mwanamume anaandika anakofika: shamba, kisima cha msikiti, miembe ya barabarani. Uani hafiki, na akifika anaishia ukumbini. Kwa hiyo bustani zilizotunzwa na wanawake, zilizowatia harufu maharusi wa vijiji vyote hivi, hazimo. Kundi lisilo na wanawake wawili kila shehia halijaiandika hiyo shehia.

Fomu yako iongezee jambo moja. Mlangilangi wa bibi, mche aliutoa wapi? Najua utaniambia "ulikuwapo tu". Waulize shoga zake walio hai. Asumini na mihina husafiri na wanawake: mtu anaolewa Jambiani, anakuja na kitawi chake kimefungwa kitambaa kibichi, baada ya miaka bintiye anakwenda nacho Kizimkazi. Ukiweza kufuata vitawi vya nyua tatu nne, ni nani alimpa nani, utachora ramani ambayo mpima ardhi hawezi kuichora, na itaonesha Kusini ilivyooana.

Nenda alasiri, wakati vikonyo vya asumini vinachumwa kabla havijafunguka, maana wanawake mikono ikiwa kazini midomo nayo hufunguka. Nenda na uzi na sindano, utunge nao. Picha uliza kwanza, na usipige kamba ya nguo. Kiongozi akiirudisha tena fomu, usibishane naye. Nitumie mimi, iingie kwenye bahasha ya mkoa kwa mkono wangu.